Tunapeleka wafanyakazi wanne Foshan kwa miaka miwili: tuwaandae vipi?

BintiUtumishi ameandika:

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo ya waliokaa na kufanya kazi China, hasa waliokaa muda mrefu.

Niko idara ya utumishi katika kampuni ya vifaa vya ujenzi. Miaka yote tumenunua mzigo kupitia mawakala. Sasa uongozi umeamua tuwe na ofisi yetu ndogo Foshan, mkoa wa Guangdong, karibu na viwanda vya vigae na vyombo vya bafuni. Wanakwenda wanne: wahandisi wawili, mhasibu, na dada mmoja wa manunuzi. Mkataba ni miaka miwili. Mimi nimepewa wiki sita za kuwaandaa.

Nimepekua mtandaoni na kila mahali nakuta orodha ileile: toa kadi kwa mikono miwili, usichomeke vijiti wima kwenye wali, usimzawadie mtu saa. Nimeyaandika yote. Lakini nikiyasoma naona yanamwandaa mtu kwa mlo mmoja wa jioni, si kwa miaka miwili.

Mwaka jana tulimpeleka mkaguzi wetu mmoja kwa miezi mitatu. Kijana hodari, hana ugomvi na mtu. Alirudi amekonda na amenyamaza. Nilipomuuliza alisema hivi tu: "Dada, kila mtu alikuwa mwema kwangu na hakuna kilichofanyika." Maneno hayo hayanitoki kichwani. Sitaki wengine wanne warudi nayo.

Nianzie wapi? Lugha? Adabu za mezani? Sheria? Naombeni msaada.

---

MzeeWaKontena:

Karibu binti. Mimi ni wa kununua mzigo China, miji ya Yiwu na Guangzhou, nitasema ya haraka tu.

Kabla hawajapanda ndege wawe na WeChat, programu yao ya ujumbe na malipo, iliyosajiliwa na kuhakikiwa, na Alipay, ya kulipia kwa simu, iliyounganishwa na kadi ya benki. Siku hizi inapokea kadi za kigeni za Visa na Mastercard. Kule hata muuza viazi vya kuchoma barabarani ana karatasi ya QR ya kupokelea malipo ya simu shingoni, ukimpa noti ya yuan 100 anahangaika kutafuta chenji. Gmail, WhatsApp na Google havifunguki. Kama barua pepe za kampuni yenu ziko Gmail, hamisheni mapema kwenye mfumo unaofunguka kule. Msitegemee VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, kwa kazi ya kila siku, hukatika siku ileile unayotakiwa kutuma nyaraka za meli.

Na namba wajifunze za vidole. Sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho. Nane ni gumba na cha shahada, kwetu ungedhani mtu anakuonyesha mbili. Watu wa kusini wakisema nne na kumi husikika karibu sawa. Bei yoyote iandikwe kwenye kikokotoo, waione kwa macho.

---

MkaguziVigae:

Dada BintiUtumishi, swali lako limenigusa. Nimekaa Foshan kuanzia 2012 hadi 2019 nikikagua vigae, na tangu nirudi nimewaandaa vijana kadhaa kwenda huko. Nitaandika kirefu, univumilie.

Hayo maneno ya kijana wako, "kila mtu alikuwa mwema na hakuna kilichofanyika", ningeweza kuyasema mimi mwaka wangu wa kwanza. Nitakueleza kilichonipata ili uone ugonjwa uko wapi.

Mwezi wangu wa nne, nilikuta mzigo wa vigae vya sakafu wenye rangi mbili. Kundi moja la tanuri lilikuwa na wekundu kidogo kuliko jingine. Dukani mteja haoni, lakini akishavipanga sebuleni vinaonekana kama viraka. Nikapanga vigae tisa sakafuni pale kiwandani, katikati ya njia ya wafanyakazi, nikamwita meneja. Alikuja na bosi wake na vijana kama kumi hivi wakasimama kutazama. Nikanyoosha kidole: hiki, hiki na hiki, havifai. Nilijiona mtaalamu. Meneja akatabasamu, akasema "mei wenti", hakuna tatizo. Nikaandika kwenye ripoti: amekubali kurekebisha.

Wiki mbili zikapita. Kila nikiuliza, jibu: tunalitazama. Nikienda kiwandani naletewa chai, naulizwa habari za wazazi wangu, napewa matunda ya kwenda nayo nyumbani. Wema mtupu. Vigae viko palepale.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa makamo aliyekuwa mkalimani wetu. Tulikuwa kwenye gari tukirudi mjini, akasema bila kunitazama: "Siku ile ulimvua mtu nguo mbele ya watoto wake. Unadhani atafurahi kukuona?"

Hicho Wachina wanakiita mianzi, yaani uso. (Kwetu mianzi ni mimea, ndiyo maana vijana ninaowafundisha hawalisahau neno hili.) Vitabu hulieleza kama jambo la ajabu la Mashariki ya mbali. Dada, sisi tumelelewa nalo. Sisi tunaliita sitara. Mtu mzima hasemwi mbele ya watu, anaitwa chemba. Bibi zetu walitufundisha kumsitiri mgeni aliyemwaga mchuzi. Kosa letu ni kwamba tukiingia kiwandani na kipimo mkononi, tunaivua ile tabia mlangoni tukidhani biashara ni nchi nyingine. Kwa hiyo somo la kwanza usilifanye kuwa somo la Uchina. Waulize hao wanne: nyumbani kwenu, baba mkwe akikosea hesabu mbele ya wageni, unafanyaje? Wanajua jibu. Waambie kiwandani ni vivyo hivyo.

Mara ya pili nilipokuta rangi mbili nilikwenda saa tisa alasiri, baada ya usingizi wao wa mchana. Nilibeba vigae viwili tu kwenye mfuko. Meneja alikuwa peke yake ofisini, anachemsha maji. Guangdong chai ni ibada: birika dogo, maji ya kwanza yanamwagwa, vikombe vidogo kama vifuniko vya chupa. Akikumiminia unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yake. Nikanywa vikombe vitatu. Kisha nikavitoa vile vigae, nikaviweka ubavu kwa ubavu kwenye ukingo wa sinia la chai, dirisha likiwa nyuma yangu ili mwanga uviangukie. Sikusema neno. Aliviangalia. Akapitisha kidole gumba kwenye kiungo. Akaokota kimoja, akakipeleka dirishani, akarudi. Akapiga simu moja fupi, msimamizi wa tanuri akaja. Kesho yake waliupanga upya mzigo wote kwa rangi, na hakuna aliyenitoza hata yuan moja.

Mtu ni yuleyule, kiwanda kilekile.

Somo la pili ni kusikia "hapana". Hutaambiwa hapana. Utaambiwa "yanjiu yanjiu", tutalichunguza. Utaambiwa "bu tai fangbian", si rahisi kidogo. Hilo la pili ukilisikia, geuka, mlango umefungwa. Utaambiwa "yinggai keyi", inapaswa kuwezekana, na hapo ndipo wageni wengi huandika "ndiyo" kwenye ripoti. Mimi huwafanyisha vijana zoezi: marufuku kuuliza swali la ndiyo au hapana kwa siku nzima. Usiulize "mzigo utakuwa tayari Ijumaa?", maana jibu ni ndiyo hata kama udongo haujachimbwa. Uliza: sasa hivi uko hatua gani? Nani anaushika? Naweza kuja kuupiga picha lini? Kwa majibu hayo utajua ukweli bila kumlazimisha mtu akuudhi wala adanganye.

La tatu ni WeChat, na hapa msichukulie kama programu ya kupiga soga. Ndiyo ofisi yenyewe. Mkubwa akituma agizo kwenye kundi, walio chini hujibu "shoudao", nimepokea. Ukikaa kimya umeonekana huna adabu. Usimtumie mkubwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima, unamlazimisha akusikilize kwa wakati wako. Na kile kikatuni cha uso unaotabasamu, ule wa njano wa kawaida kabisa, vijana wa kule hawautumii kwa furaha. Una ubaridi ndani yake, kama mtu anayekuambia "haya, sawa" huku anageuka. Nilichelewa sana kujua hilo.

Majina: ukoo hutangulia. Kama ukoo ni Wang na ni mkurugenzi, mwite Wang zong. Kama ni mhandisi, Wang gong. Hata akiwa naibu, usitamke neno la unaibu, mpe cheo kamili. Wahandisi wako watafurahi kujua kwamba nao wataitwa hivyo.

Karamu sitazirefusha, orodha zako zinatosha. Meza ya duara, mwenyeji hutazama mlango, mgeni mkuu kuliani kwake, usikae kabla hujaonyeshwa. Ukigonganisha glasi na mkubwa, yako iwe chini ya yake. Lakini kuna jambo moja la kushughulikia mapema: baijiu, pombe kali ya mtama, nyingi zina kilevi cha asilimia 50 na zaidi. Kama kuna asiyekunywa, kwa dini au afya, mwenyeji aambiwe siku moja kabla kupitia msaidizi wake, si pale mezani glasi ikiwa imeinuliwa. Na mtu huyo ajifunze maneno manne: "yi cha dai jiu", chai badala ya pombe. Ni msemo wao wenyewe, wa heshima. Asimame na kikombe chake cha chai, azunguke meza, amsalimie kila mmoja. Nimewaona Waislamu wetu wakifanya hivyo wakapendwa kuliko walevi. Chakula cha halali kipo: waambie watafute maandishi ya qingzhen, hasa kwenye migahawa ya tambi za Lanzhou.

Lugha: wiki sita hazitoshi kujua Kichina, zinatosha kujua kusikia toni. Kununua ni "mai", kuuza ni "mai". Tofauti ni sauti kushuka na kupanda, au kushuka tu. Mtu wa manunuzi asiyesikia tofauti hiyo atachekesha mkutano.

---

BintiUtumishi:

Kaka MkaguziVigae, nimesoma mara mbili, na hapo kwenye sinia la chai nimesoma mara tatu. Shukrani sana.

Nina swali ambalo naogopa kuliuliza ofisini. Mkurugenzi wetu anataka ripoti kila siku saa kumi jioni, na anataka ndiyo au hapana. Hao wanne wakianza kunywa vikombe vitatu vya chai kabla ya kusema neno, si wataonekana wazembe?

---

MkaguziVigae:

Dada, umefika kwenye kiini. Ningekuwa na siku moja tu ya mafunzo, ningewaacha hao wanne nje nikamfundisha mkurugenzi.

Angalia inavyokwenda. Saa kumi jioni kwenu ni saa tatu usiku Foshan. Kijana ameshakula, anaambiwa: nataka jibu leo. Anampigia meneja wa kiwanda nyumbani kwake. Meneja anasema "mei wenti" ili akate simu akalale. Kijana anaandika "ndiyo". Mkurugenzi anamwahidi mteja. Ijumaa mzigo haupo. Sasa kijana amekuwa mwongo kwenu, na kiwandani amekuwa mtu anayesumbua watu usiku. Akilipitia hilo mara tatu, anaanza kuficha. Kijana wako aliyenyamaza, sishangai.

Mambo matatu umwombe mkurugenzi kabla ya safari. Ripoti ziwe za hatua: mzigo uko wapi, nani anaushika, picha ya leo. Saa ya ripoti iwe asubuhi kwenu, ambapo kule ni alasiri na mtu bado anaweza kwenda kuuliza. Na yeye mwenyewe aende Foshan mwezi wa kwanza, awatambulishe hao wanne kwa wakuu wenzake, wale pamoja. Kule cheo huongea na cheo. Kijana aliyetambulishwa na mkubwa wake ana pa kusimama. Aliyekuja peke yake na barua ya utambulisho atapewa matunda.

Pia mweleze kuhusu mhuri. Mkataba wa China bila mhuri mwekundu wa duara wa kampuni ni karatasi tu mikononi mwa mtu wa mauzo. Mhuri huo umesajiliwa polisi na una mtu wake anayeutunza. Mhasibu wenu ajue hilo, na ajue fapiao, ile risiti rasmi ya kodi. Malipo yasiyo na fapiao yatamtesa mwisho wa mwaka.

Na samahani kwa kuuliza: yule kijana mkaguzi, umeshakaa naye chini? Simaanishi kumhoji. Kukaa naye.

---

FundiWaNingbo:

Nami niko huku sasa hivi, mwaka wa tatu, nafunga mashine. Nakubaliana na mkuu MkaguziVigae ila niongeze, na mahali pamoja nimpinge kidogo.

Kumpinga: kiwanda cha vigae Foshan na ofisi ya vijana wa teknolojia Shenzhen si dunia moja. Kuna vijana wa miaka 27 watakaokwambia "hapana, haiwezekani" usoni, na ukileta mambo ya chai watatazama saa. Waandaeni watu kusoma chumba, wasiwe na kanuni moja kwa kila Mchina. Uchina ni kubwa jamani.

Nyongeza ni sheria. Asiyelala hotelini lazima ajiandikishe polisi ndani ya saa 24 tangu afike, na akihama nyumba arudie. Mwenye viza ya Z, ile ya kazi, anatakiwa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30, na humo kuna vipimo vya afya na foleni. Wakichelewa wanaanza maisha kwa kuandika maelezo polisi. Mwenzangu alianza hivyo.

Saa za kazi nazo. Mtasikia 996: saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Juu kabisa ya huku ilitamka wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Sheria ya kazi inasema saa 8 kwa siku, saa za ziada zisizidi 36 kwa mwezi. Lakini taa nyingi bado zinawaka usiku. Kampuni yenu iamue mapema watu wake watafuata nini, isiwaachie wao waone aibu ya kutoka mapema. Halafu sikukuu: kabla au baada ya mapumziko marefu, kama yale ya Oktoba mosi, mara nyingi kuna Jumamosi au Jumapili ya kufidia kazini. Na Mwaka Mpya wao viwanda hufungwa hata zaidi ya wiki mbili, mji unabaki mtupu, maduka ya mtaani yamefungwa. Mwaka wangu wa kwanza nilikula tambi za kikombe siku tano na sikuongea na binadamu. Mkiweza, warudisheni nyumbani wakati huo. Msiwapangie likizo Desemba kwa sababu tu ofisi yenu ndiyo inapofunga.

Na usingizi wa mchana ni kweli tupu. Saa sita na nusu taa zinazimwa ofisini, watu wanatoa vitanda vya kukunja chini ya meza. Usipige simu. Lala na wewe, inasaidia.

---

MkaguziVigae:

FundiWaNingbo, umenisahihisha vizuri, napokea. Miaka yangu yote ilikuwa kwenye viwanda na watu wa rika la baba yangu. Na hiyo ya likizo Desemba dada aiandike kwa wino mwekundu.

---

BintiUtumishi:

Ndugu zangu, nimerudi kutoa mrejesho.

Mkurugenzi amekubali ripoti ziwe asubuhi. Ndiyo au hapana bado anazitaka, tutaendelea kuongea naye. Kuhusu kwenda Foshan amesema atatazama ratiba yake. (Nimemuuliza: ratiba iko hatua gani, na nani anaishika? Alinitazama sana, kisha akamwita katibu muhtasi.)

Jana mchana nilikaa na yule kijana. Sikubeba karatasi. Tulikula, tukaongea habari za mtoto wake mdogo, halafu nikamuuliza kama bado ana mawasiliano na kiwanda. Akatoa simu. Aliteremka hadi mwezi wa pili wa safari yake akanionyesha ujumbe wake kwenye kundi la WeChat la kiwanda, kundi lenye watu 34, wakubwa na wadogo. Picha sita za masinki yenye nyufa, kila ufa umezungushiwa duara jekundu, na jina la msimamizi limeandikwa juu. Alikuwa sahihi kwa kila ufa.

Chini yake kulikuwa na jibu moja tu. Ule uso wa njano unaotabasamu.

"Nilidhani amefurahi," akaniambia.

Ameomba awe mmoja wa wakufunzi. Tunaanza Jumatatu, na hizo picha sita ndizo somo la kwanza.